Matairi Magumu ya Mwalimu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa udereva, na sijaona mtu aliyeendesha polepole kama yeye. Miaka yake yote ya kazi alikaa kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, akimwambia mtoto wa mtu, "Taratibu, taratibu, barabara haikimbii." Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Hata mimi nilimwita hivyo, mpaka chumbani, maana ndivyo nilivyomkuta. Nilikuwa mwanafunzi wake. Nilifeli mtihani mara mbili, na ile mara ya pili nilifeli makusudi.

Alipostaafu akanunua gari la spoti. Si jipya, lakini gari la spoti hasa: milango miwili, viti viwili, paa la kufungua, na liko chini kiasi kwamba kuingia ndani ni kama kuingia kwenye beseni. Siku lilipofika uani nilimwuliza wajukuu watakaa wapi. Akasema wajukuu wana magari ya baba zao. Nikamwuliza mizigo ya sokoni itakaa wapi. Akasema, "Mapajani mwako."

Tangu siku hiyo nikaliita Mke Mwenza. Asubuhi liliogeshwa kabla mimi sijaulizwa nimeamkaje. Jirani akipita alionyeshwa injini, apende asipende. Na mimi, kwa kuwa sikuumbwa kunyamaza, nilimwambia Mwalimu kwamba kama angenifuta vumbi mimi namna ile, ningekuwa bado nang'aa. Alicheka, akaendelea kufuta.

Alikuwa na hamu moja. Nje ya mji kuna barabara inayopanda mlima kwa kona, lami yake imejaa viraka. Mwalimu aliipanda na wanafunzi wake hata akaijua kwa mgongo, lakini sikuzote kwa gia ya pili, na mtu anayetetemeka ameshika usukani. Alitaka kuipanda mara moja kwa mwendo wake mwenyewe, paa wazi, mimi pembeni. "Siku moja," alisema. Kwanza gari likaharibika injini. Likapona, nikaumwa goti mimi. Nikapona, akaanza kulalamika mgongo.

Nililaumu gari. Nikamwambia, "Mke Mwenza amekuvunja kiuno, mzee." Tukacheka wote wawili, tukapaka dawa ya kuchua. Halikuwa gari. Daktari alieleza mambo mengi kuhusu ugonjwa ulikoanzia na ulikofikia, lakini mimi nilisikia mawili tu: kwamba umeingia kwenye mifupa ya mgongo, na kwamba tusihesabu miaka.

Gari likakaa bandani muda wote alipokuwa akitibiwa. Aliporudi nyumbani, amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni, jambo la kwanza alilotaka halikuwa chakula. Alisema, "Twende mlimani. Utaendesha wewe, mimi nitakaa. Ila kwanza mwite Upepo aangalie matairi."

Upepo ndiye fundi wa matairi wa mtaa wetu. Ni mtu mkubwa wa mwili, sauti ndogo, na yeye pia alijifunzia udereva kwa Mwalimu. Alilala chini kifudifudi akaligusa gari kila upande, akatoka anatikisa kichwa. Matairi yalikuwa yamepasukapasuka kwa kusimama, na chini yamekaa bapa.

"Haya hayapandi mlima, mama," alisema. "Haya hata geti hayavuki."

Tukaingia sebuleni, Mwalimu akiwa amelala kwenye kochi katikati ya mito, na Upepo akatueleza. Matairi ya gari lile yako ya namna mbili. Kuna magumu, yale lililotoka nayo kiwandani. Hayo kuta zake za pembeni ni nene, hata upepo ukiisha wote tairi halilali. Unaendelea kwenda pole pole mpaka unafika kwa fundi. Ndiyo maana gari lile halina tairi la akiba, wala jeki, wala nafasi ya kuviweka. Ubaya wake ni kwamba hayasamehe. Ukikanyaga punje ya kokoto, kiuno kinajua. Halafu kuna ya kawaida, laini. Hayo unakaa kama uko kwenye kochi. Lakini ukipata pancha, tairi limelala, rimu iko chini, na wewe huendi popote.

"Laini ninayo dukani, saizi hiyohiyo," alisema Upepo. "Kesho asubuhi nayafunga, mchana mko mlimani. Magumu mpaka niagize. Yanakuja kwa meli. Lini, siwezi kusema uongo."

"Laini," nikasema.

"Magumu," akasema Mwalimu.

Tulisema pamoja. Upepo akatazama viatu vyake.

Nilidhani ni ule ubishi wake wa siku zote, kwamba mwenye kiwanda ndiye anayejua. Nikamwambia, "Wewe kiti cha jikoni chenyewe hukikalii bila mto. Barabara ile ina viraka kuliko shuka la msafiri. Unataka kila kiraka kikupige mgongoni?"

"Mto nitaubeba."

"Mwalimu."

"Magumu."

Nikapandwa na hasira, nikasema bila kufikiri, "Sikio la kufa halisikii dawa." Neno likishatoka halirudi. Nililisikia likitua katikati ya sebule, nikatamani kulifukia. Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. "Hilo la kufa umelipatia," alisema. Sikucheka. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji, nikaliacha limwagike ili wasinisikie.

Asubuhi yake nilitoka kama naenda dukani, nikaenda kwa Upepo. Nilimkuta anapiga msasa kipande cha tyubu. Nikamwambia alete yale laini.

"Lakini Mwalimu alisema..."

"Mwalimu anaumwa. Anayemgeuza usiku ni mimi. Wewe hujamsikia anavyoguna nikimgeuza. Leta laini, akinywa dawa zake za mchana analala fofofo. Akiamka, gari liko tayari, hana la kusema."

Upepo alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakubali. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikamwogesha Mwalimu, nikampigia pasi shati la kijani analolipenda, nikajaza chai kwenye chupa. Alipolala niliwaza kwamba kabla jua halijazama tutakuwa juu kule, tumeegesha, ananisimulia ni mwanafunzi yupi aligonga ukuta upi.

Upepo alikuja na pikapu. Aliyateremsha matairi kwa uangalifu, lakini la mwisho likamponyoka, likadunda uani na kugonga pipa la maji. Nikageuka. Mwalimu alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, miguu mitupu, na jasho linamtiririka. Kutoka kitandani mpaka pale kulikuwa safari. Akaomba asogezewe tairi. Akaliegemea, akabonyeza ubavu wake kwa kidole gumba, na ubavu ukaitika.

"Haya laini," alisema.

Upepo akavua kofia.

"Rudisha."

"Upepo," nikasema, "ukiyarudisha hayo, usikanyage tena kwangu."

Mtu mzima yule alinitazama mimi, akamtazama yeye, macho yamemwiva. Kisha akainama akaanza kuyapakia. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu sote, mke, watoto, na wanafunzi. Jambo likihusu barabara, neno la mwisho lilikuwa la Mwalimu, na hatukujua namna nyingine ya kuishi naye. Upepo alipakia matairi yote bila kuinua uso, akaondoka. Mimi nikambeba mume wangu kurudi kitandani, na njia nzima nilimwambia maneno mabaya.

Alisubiri niishiwe. Kisha akanishika mkono.

"Unakumbuka somo la tairi?" aliniuliza.

Nililikumbuka kwa sababu sikulisoma. Katika shule yake hakuna aliyepelekwa mtihanini kabla hajabadilisha tairi kwa mikono yake. Wazee, mabibi waliokuja na kucha ndefu, mke wa mkubwa wa polisi, wote walipiga magoti wakazungusha jeki. Wote isipokuwa mimi. Siku yangu ilipofika nilikuwa nimevaa gauni jipya. Akaniambia nikae kwenye kivuli, akabadilisha yeye, akasema mimi halinihusu kwa kuwa sikuzote nitakuwa naye. Ndivyo alivyonitongoza. Niliona ni maneno matamu kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mwanamume.

"Nilikosea," alisema. "Nilikufundisha vibaya kuliko wote."

"Basi nitajifunza. Upepo atanifundisha kesho."

"Kwa goti hilo? Na jeki utaiweka wapi, mapajani?"

"Basi tufunge laini sasa, twende, turudi. Halafu nitaweka hayo magumu yako. Naapa."

"Hutayaweka. Nakujua mimi. Nikishayakalia matairi hayo, utayaacha hadi yaoze, kwa kuwa niliyakalia."

Nikafungua kinywa nimbishie, nikaona birika la marehemu mama yangu juu ya kabati. Halina mpini, halina kifuniko, na lilihama nasi nyumba tatu. Nikafunga kinywa.

"Basi gari lenyewe nitaliuza," nikasema.

"Mke mwenza hauzwi," akasema. "Utasema unalichukia, na utaliendesha. Utakwenda kwa watoto, utakwenda sokoni. Mimi sitaki ukae kando ya barabara peke yako, jua linazama, unamsubiri mtu ambaye haji."

Hapo akalia. Katika ndoa yetu nililia mimi kwa niaba ya wote wawili. Yeye nilikuwa sijamwona akilia. Machozi yake hayakuwa na sauti, yaliteremka tu mpaka masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Nikamfuta kwa kiganja, nikasema, "Haya. Magumu." Nilikubali kwa kuwa nilimpenda. Ningempenda kidogo tu pungufu, tungepanda mlima.

Upepo akaagiza. Nilimsamehe, kwani ningefanya nini. Alikuja mara kwa mara kutupa habari, na kila mara alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja kitu. Meli haijatoka. Meli imetoka. Mzigo umefika lakini umezuiliwa bandarini. Mwalimu alisema, "Yatafika," na kila aliposema sauti ilikuwa imepungua. Alianza kushindwa kukaa kwenye kochi. Kisha akashindwa kugeuka hata nikimsaidia. Shati la kijani lilining'inia nyuma ya mlango, na mikunjo ya pasi ikajifuta yenyewe.

Ukutani kwetu kulikuwa na kibao cha ile shule yake, alikuja nacho siku ya kustaafu. Kimeandikwa, "Haraka haraka haina baraka." Kila nilipopita na beseni nilikitazama kwa chuki. Watu wanaikariri methali hiyo kana kwamba kuna mtu aliyewahi kurudi kutueleza baraka za kuchelewa. Siku moja nilikitoa nikakigeuza uso ukutani. Hakuna aliyeuliza.

Matairi yalifika asubuhi. Upepo hakupiga simu, alikuja nayo moja kwa moja, shati limejaa vumbi la bohari, akayafunga yote bila kupumzika wala kukubali chai. Mimi nikaingia chumbani nikamwambia Mwalimu, "Yamefika." Akafungua macho. "Nivalishe," alisema.

Nikamvalisha shati lile. Lilimmeza. Upepo akaosha mikono, akaja, tukamshika huku na huku ili tumkalishe kitandani kwanza. Tulimwinua kidogo sana. Akapiga ukelele. Mtu ambaye hata akigongwa nyundo kidoleni alisema "loo" tu, alipiga ukelele ambao majirani waliusikia. Tukamlaza. Upepo akatoka nje akaegemea ukuta wa banda, na yule mtu mkubwa alilia huku akijipiga paji la uso kwa ngumi.

Mwalimu alikuwa ameelewa. Tulikuwa tumeelewa wote. Alinong'ona, "Basi lilete hapa."

Nikalitoa gari bandani nikalileta mpaka chini ya dirisha la chumba. Nikafungua paa, nikafungua dirisha, ili asikie. Nikamkuta amegeuza uso upande wa sauti.

"Zungusha," alisema.

Nikazunguka ua. Kwenye mfereji wa maji gari lilinirusha mpaka meno yakagongana. Nikazunguka tena, nikarudi, nikazima injini, nikaingia na kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Yanasemaje?"

"Magumu kama kichwa chako."

Akatabasamu. Kisha akaniwekea ule uso wa kazini. "Taa ya upepo wa matairi ikiwaka, usisimame. Punguza mwendo. Shika usukani mikono miwili. Nenda pole pole mpaka kwa Upepo. Sema."

Nikasema yote.

"Tena."

Nikarudia, mwanamke mwenye wajukuu, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akafumba macho akasema, "Umepasi." Hakuniambia tena neno lililokamilika. Alikata kauli jioni ile, na baada ya siku chache akapumua kwa mara ya mwisho nikiwa nimemshika miguu, kwa sababu miguu ilikuwa baridi.

Watu walikuja, wakakaa, wakarudi makwao. Binti yangu alitaka kubaki, nikamfukuza kwa upole. Na alasiri moja, bila kupanga, nilichukua ufunguo nikapanda mlima.

Sitadanganya, barabara ile kwa matairi yale ni adhabu. Kila kiraka nilikihesabu kwa mgongo wangu, nami mgongo wangu ni mzima. Asingeweza, nilijiambia. Hata kama tungemkalisha, kona ya kwanza tu ingemuua. Kisha nikakumbuka kwamba wakati ule matairi laini yalipokuwa uani kwangu bado alikuwa anatembea mpaka mlangoni kwa miguu yake. Nilifika juu, nikaegesha, nikatazama mji chini. Ni mji tu. Hakukuwa na mtu wa kuniambia nani aligonga ukuta gani. Nikageuza gari.

Katikati ya mteremko niliwakuta. Gari dogo la kawaida lilikuwa limeinama upande mmoja, tairi la nyuma limelala kabisa. Mwanamume alikuwa amepiga magoti, shati limechomoka, anapambana na nati. Mkewe amekaa juu ya jiwe, mkoba mapajani, anamsema. Nikasimamisha.

"Mama, una spana kubwa hapo?" aliuliza mwanamume. "Hii inateleza."

"Sina spana," nikasema. "Sina hata jeki. Gari hili halibebi kitu."

"Basi usijali, mama. Nitaitoa tu."

"Ataitoa kesho," alisema mkewe. "Nilimwambia matairi yamekwisha. Mwezi mzima nimemwambia. Kwani anasikia? Sasa tumekaa hapa tangu saa ngapi, jua lote letu."

"Umesema hilo mara ngapi leo?"

"Na nitasema tena."

Mwanamume akacheka huku ameinamia tairi. Mwanamke naye akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba ili asionekane anacheka. Nikawaonea wivu, wivu wa kweli, wa kuchoma kifuani, ambao Mke Mwenza hakuwahi kunipa hata siku moja.

"Endelea tu, mama," mwanamke aliniambia. "Usichelewe kwa ajili yetu."

"Sina ninapochelewa," nikasema. Nikashuka, nikaja nikakaa naye juu ya jiwe.

Alinisogezea nafasi. Alinisimulia habari za mumewe, kwamba ni mkaidi, kwamba anakoroma, kwamba viatu anaviacha popote. Nikamsikiliza kwa makini, sikutaka amalize. Nati zikatoka moja moja, tairi la akiba likakaa mahali pake, kazi ikaisha. Mwanamume akasimama, akafutia mikono kwenye shati lake jeupe, na mkewe akaanza upya kuhusu shati. Wakanishukuru kwa kuwapa kampani. Wakapanda gari lao wakateremka, na mpaka kona ya pili nilimwona mwanamke bado ananyoosha kidole.

Nilibaki barabarani na gari ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nikaenda nikalipiga teke tairi la mbele, kisha la nyuma, kisha yote mawili ya upande wa pili, kwa nguvu zangu zote, mpaka mguu ukavimba ndani ya kiatu. Hayakubonyea hata kidogo. Nikakaa chini, nikaegemea mlango, nikamlilia mume wangu kwa sauti, jua likizama.